Kibao Kinachosema Hakuwa na Mtoto

Nilivumilia mpaka tukafika kwenye kile kibao. Nilikuwa nimevumilia kwenye bwawa, nikavumilia chini ya mti, nikavumilia hata pale yule mama Mzungu alipoegemeza uso wake kwenye mgongo wa nyanya yangu na kufumba macho. Kwenye kibao nilishindwa.

Kilikuwa kibao cha mbao, rangi ya kijani, maandishi meupe, kimesimikwa ukingoni mwa shamba la ngano huko Plateau, mahali ambapo zamani palikuwa na laini, yaani nyumba za wafanyakazi wa shamba. Ngano ilikuwa imeshavunwa, kwa hivyo ulikiona kutoka mbali. Juu Kiingereza, chini Kiswahili: "Hapa aliishi yaya wetu mpendwa. Hakuwa na mtoto wake, kwa hivyo alitupenda sisi." Mtu akisoma kwa haraka ataona ni maneno matamu.

Mwenye maneno hayo, yule mama Mzungu, alikuwa hapo hapo, fimbo mkono mmoja, kitabu mkono wa pili. Yeye ndiye aliyekiandika, kitabu kizima juu ya utoto wake kwenye shamba hilo miaka ya mwisho ya mkoloni, na sasa alikuwa amerudi kutafuta kila mahali alipopataja ndani yake. Alimgeukia nyanya yangu akamwuliza, kwa kile Kiswahili cha jikoni alichoondoka nacho akiwa mtoto, "Ile siku wewe hapana kuwa na mtoto yako, ndiyo?"

Na nyanya yangu, aliyemzaa mama yangu, mama yangu aliyenizaa mimi, akajibu, "Ndiyo, memsaab."

Hakusita hata kidogo. Alijibu kama mtu anayeulizwa kama anataka chai.

Mimi nilikuwa nyuma yao, nimembeba binti yangu mgongoni kwa leso. Binti yangu tumempa jina la mama yangu. Na mama yangu alizaliwa kwenye shamba hilo hilo, wakati huyu mama wa kitabu bado anabebwa na kulishwa uji. Kwa hivyo nikasema, na sikusema polepole, "Kama hakuwa na mtoto, mimi nimetoka wapi?"

Kijana anayesimamia mahali pale, meneja, alicheka kidogo halafu akaacha. Mama wa kitabu alinitazama mimi, akamtazama mtoto wangu, akatazama kibao. Nyanya yangu hakugeuka.

"Nyamaza," aliniambia. "Wageni wanaongea."

Wacha nirudi nyuma, maana mtu akisoma hapo tu ataniona sina adabu.

Nyanya yangu ninamwita Kukhu, kama watu wetu wa Magharibi wanavyomwita nyanya. Alikuja kukaa na mimi mtaani Langas, mjini, tulipomaliza kumzika mama. Mume wangu ni fundi wa mabomba, anazunguka na kazi, leo Kitale, kesho Kapsabet. Nyumbani tuko mimi, Kukhu na mtoto. Nilipojifungua nilifikiri nimebarikiwa. Majirani zangu wote wenye nyanya nyumbani huwa wanaamka, wanampa nyanya mtoto, wanaenda zao kazini. Mimi nauza mitumba ya watoto kwenye kibanda kando ya barabara, na nilishapanga kichwani vile nitakuwa nafungua mapema, mikono mitupu.

Kukhu alikataa kumbeba. Hakukataa kwa ubaya. Alimtazama mtoto, akamsifu pua, akasema, "Mgongo wangu umeisha." Nikamwambia basi ambebe mbele, amkalishe tu mapajani. Akasema magoti nayo yameisha. Mtoto akilia anaweza kumtingishia kijiko, anaweza kumwita, lakini kumbeba, hapana. Nikawa naenda na mtoto kibandani, namnyonyesha huku nakunjua suruali, jua linamchoma, vumbi linamwingia. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama huyo mzee nyumbani ni wa kuonyesha wageni tu. Nilicheka naye. Usoni tu.

Nilimkubalia Kukhu. Mtu ni mzee, mwili ni wake. Mpaka meneja alipokuja.

Alikuja na viatu safi, na matope ya Langas yakamfanyia kazi yake. Alikuwa ameuliza kwa wazee wa kanisa mpaka akaelekezwa kwetu. Akatueleza kwamba ile nyumba ya mawe ya shamba la zamani sasa ni gesti ya watalii, kwamba mtoto wa nyumba ile ameandika kitabu, na kwamba wanataka kuweka vibao kila mahali palipotajwa ili mgeni atembee na kitabu mkononi akijua, hapa ndipo walipoogelea, hapa ndipo farasi alipozikwa. Na mwenye kitabu anakuja mwenyewe. Ombi lake kubwa ni kumwona yaya wake.

Akataja jina la utani la yule mtoto wa Kizungu, jina ambalo mimi sijawahi kulisikia.

Kukhu alisimama. Hakushika ukuta, hakushika meza. Alisimama kama msichana aliyeitwa ubaoni, akacheka, na nikaona meno yake ambayo sikuwa nimeyaona tangu mazishi. Akaanza kuuliza. Anakula vizuri siku hizi? Bado anaogopa bata? Ule mguu uliochomwa na pasi uliacha alama?

Mguu uliochomwa na pasi. Mimi nilichomwa na maji ya chai nikiwa mdogo, nina alama kwenye bega mpaka leo. Kukhu hajawahi kuniuliza juu yake.

Meneja aliniachia nakala ya kitabu. Nilimaliza kidato cha nne, Kiingereza hakinishindi. Nilikisoma kibandani, mtoto amelala kwenye rundo la sweta, na nilikisoma vile mtu anavyosoma meseji kwenye simu ya mumewe. Kila ukurasa unajua unatafuta nini, na unaogopa kukipata, na ukikosa unaudhika.

Nilikipata. Kukhu alikuwa kila mahali. Kukhu akipoza uji kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile. Kukhu akimwimbia nyimbo za kwetu, na yule mwandishi anasema alizijua zote kabla hajajua nyimbo za Krismasi. Kukhu akimbeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka bwawani, yeye akisikiliza sauti ya Kukhu kupitia mifupa ya mgongo badala ya masikio. Aliandika hivyo. Nilifunga kitabu nikamwuzia mteja kaptura bila hata kubishana bei.

Acha niseme wazi, nilikuwa na wivu. Si wivu wa shamba, wala wa farasi, wala wa nyumba ya mawe. Hayo yao wakae nayo. Wivu wangu ulikuwa wa mgongo.

Maana mama yangu hakuwa mtu wa kubeba. Alitulisha, alitusomesha, alituchapa tulipostahili na siku zingine bila sababu. Lakini hakujua wimbo hata mmoja wa kubembeleza mtoto. Nikiwa mdogo nilimwomba aniimbie kama mama wa jirani, akaniambia niwashe redio. Na alikuwa na mzaha wake, alipenda kuutoa wageni wakimsifu kwa ugumu wake. "Mimi nililelewa na gunia," alikuwa anasema. "Gunia halina maneno mengi." Watu walikuwa wanacheka. Mimi pia. Nilidhani ni njia ya kusema walikuwa maskini.

Kwa hivyo nyimbo zetu zilituruka. Zilitoka kwa Kukhu zikaenda Ulaya, zikarudi kwenye kitabu, zimeandikwa vibaya.

Kuna sura moja iliyoniudhi kuliko zote. Mwandishi anasema siku moja aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta yaya hayuko. Akaita, hakuna. Akazunguka nyumba nzima analia. Baadaye kidogo yaya akarudi anahema, ana nyasi kwenye sketi, na memsaab mkubwa, mama ya mtoto, akamgombeza mbele ya mpishi. Mwandishi anasema siku hiyo ndiyo alijua kwa mara ya kwanza maana ya upweke. Kurasa kadhaa za upweke, kwa sababu mtu alitoka nje kidogo mchana. Nilisoma nikasema, pole sana.

Siku ya kwenda, gari la gesti lilikuja kutuchukua. Asubuhi hiyo tukinywa chai nilimsomea Kukhu mahali pote palipoandikwa, nikimtafsiria, na yeye akawa anasahihisha huku anachovya mkate. Bwawa halikuwa chini ya kilima, lilikuwa nyuma ya josho la ng'ombe. Ule mti mkubwa ulikatwa zamani ukawa nguzo za ua. Farasi hakuzikwa kokote, aliuzwa, watoto walidanganywa. Nikafurahi. Nikajua leo kutakuwa na sinema.

Tulifika Plateau. Mama wa kitabu alikuwa amesimama barazani anatungoja. Walishikana mikono wakakaa hivyo. Halafu safari ikaanza, na sinema niliyoingoja haikuonyeshwa.

Mama wa kitabu alisimama chini ya kilima, penye kidimbwi kilichochimbwa juzi na trekta, akasema, "Bwawa yetu." Kukhu akasema ndiyo. Nikamkumbusha kwa sauti ya chini kuhusu josho. Akanikanyaga mguu.

Tukafika kwa mti ambao hata mimi, mtu wa Langas, niliona ni mdogo. Mama wa kitabu aliushika kwa mikono yote miwili, machozi yakamtoka. Kukhu akasema ndiyo, ni huu, umekua vizuri. Meneja akapiga kigingi. Farasi akapewa kaburi penye kichuguu, na Kukhu akainamisha kichwa kwa heshima ya farasi aliyeuzwa.

Nilimvuta kando nikamwuliza anafanya nini.

"Mtu ametoka Ulaya mpaka hapa na fimbo," aliniambia. "Nimwambie amepotea?"

Na hapo sikuweza kumlaumu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akikupongeza kwa kuku aliyempenda, na wewe unajua ulipika bata, unasema asante. Kubishana na mgeni ni kumfukuza. Meneja hajui hivyo, au anajua na hakujali, kwa hivyo kila ndiyo ya Kukhu iligeuka kigingi, na kila kigingi kikangoja kibao. Watalii watatembea pale miaka mingi wakiangalia mahali ambapo hakuna kitu kilichofanyika. Nilikaribia kufurahi tena.

Halafu mama wa kitabu akauliza kama anaweza kuweka kichwa chake pale. Alionyesha mgongo wa Kukhu. Aliuliza kwa aibu, na mashavu yake yalikuwa mekundu.

Kukhu alimgeuzia mgongo. Mgongo ulioisha. Akainama kidogo mbele, akarudisha mikono nyuma, akaifunganisha vile tunavyofanya kumshika mtoto makalio. Mama mzima wa mvi alilaza shavu lake pale na kufumba macho, na Kukhu akaanza kuyumba kidogo, kushoto, kulia. Kisha akaimba. Sauti ilikuwa imekatika lakini wimbo ulikuwa mzima.

Mtoto wangu alikuwa analia wakati huo. Ninataka hilo lijulikane. Alikuwa analia mgongoni mwangu, na niliyumba pia, kushoto, kulia, ila mimi sikuwa na wimbo.

Tukatoka hapo tukaenda kwenye kile kibao, ambacho kilikuwa kimeshaandikwa tayari. Yaliyotokea nimeyasema.

Baada ya swali langu tulirudishwa barazani kunywa chai. Mama wa kitabu alijaribu kuniuliza nilimaanisha nini. Kukhu aliingilia, akasema mimi nimechoka, mtoto hanipi usingizi. Akasifu keki. Gari likaturudisha Langas. Nilimpikia, nikamwekea, nikatoka nje.

Kesho yake nilimpigia meneja nikamwambia kile kibao ni uongo, kitolewe. Alikuwa mpole, ule upole wa watu waliosomea hoteli.

"Lakini nyanya mwenyewe amethibitisha, mamaa," alisema. "Sote tulisikia. Hiki cha mbao ni cha muda, fundi anatengeneza cha chuma wiki ijayo. Kama una malalamiko, lete kwa maandishi."

Cha chuma. Yaani mama yangu angefutwa kwa chuma, na mtoto wangu akikua apelekwe na shule kutembea pale, asome kwamba hakuwa na nyanya.

Nilimkuta Kukhu anachambua maharagwe. Sikumsalimia. Nilimwambia tu maneno ya meneja, yote, na nikamwambia ameua mtu ambaye tayari tulishamzika.

Hakukasirika. Aliendelea kuchambua kwa muda, halafu akaanza kueleza bila kuinua macho, na nitaeleza kwa kifupi kwa sababu yeye pia alieleza kwa kifupi.

Alifika kwenye shamba lile akiwa msichana, na mimba, na aliyempa mimba alikuwa ameenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai asirudi. Akajifungulia kwa shangazi yake kwenye laini. Mama yangu akiwa bado mchanga, ikasikika kwamba memsaab anatafuta yaya wa kulala ndani ya nyumba, karibu na chumba cha watoto. Lakini hataki mwenye mtoto, kwa sababu mwenye mtoto ana haraka ya kwenda kwake. Kukhu alienda mlangoni. Memsaab akamwuliza. Akasema hana.

Wakati anasema hana, maziwa yalikuwa yanamtoka. Alikuwa amekunja kitambaa na kukiweka ndani ya nguo. Alikunja kitambaa hicho kila asubuhi muda wote ule.

Hapo ndipo nilikumbuka sentensi moja kwenye kitabu niliyoipita bila kujali. Mwandishi anasema yaya wake alinukia maziwa daima, na kwamba huenda alipitia zizini kila asubuhi. Nikamwuliza Kukhu kama aliwahi kukama ng'ombe wa Mzungu. Alishangaa. Kukama ilikuwa kazi ya wanaume, alisema, mwanamke hakusogea kule.

Mama yangu alibaki na shangazi. Lakini shangazi naye alikuwa kibarua wa palizi, na nyapara hakutaka kuona watoto shambani. Kwa hivyo mtoto alikuwa anawekwa kwenye stoo ya mahindi, nyuma ya miti ya miwati. Walichukua gunia, wakalikunja nusu, wakajaza magunzi pembeni ili asianguke, wakamkalisha ndani mpaka kifuani. Mtoto wa Wazungu akilala mchana, Kukhu alikuwa anakimbia kupitia miwati, anamnyonyesha mama yangu amesimama, anamrudisha kwenye gunia, anakimbia tena. Siku moja mtoto wa Wazungu aliamka mapema.

Ile sura ya upweke. Zile dakika chache ndizo pekee mama yangu alikuwa nazo kwa siku nzima, na hata hizo ziliandikwa na mwingine kuwa zake.

Niliketi chini. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Memsaab mkubwa alishakufa, mkoloni alishaenda, hakuna wa kumfuta kazi.

"Niliulizwa mlangoni nikasema sina," alisema Kukhu. "Yule mama aliniamini mpaka siku aliyopanda gari kuondoka. Alinipa mkono. Leo mtoto wake ananiuliza swali lile lile. Nimwambie nyumba yao ililelewa na mwongo?"

"Kwa hivyo afadhali mama asiwe amezaliwa."

"Mama yako alizaliwa. Nilikuwepo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kitu. Nikamwambia nitaandika malalamiko na nitaandika kila kitu, mlango, kitambaa, gunia. Akashtuka. Ndiyo mara ya kwanza aliniomba kitu tangu aje kwangu. Aliniomba nisiandike kwamba alidanganya. Niandike kwamba alisahau, amezeeka, wazee husahau.

"Kusahau ndiyo mbaya zaidi, Kukhu," nilimwambia. "Mtu akidanganya juu ya mtoto wake, angalau anajua yuko."

Tulibishana juu ya hilo neno moja mpaka maharagwe yakaisha. Mtoto akaamka, akaanza kulia, nikamchukua. Na kwa hasira, kwa sababu bado nilikuwa na hasira na sitaki kujipamba, nikamwuliza kwa nini mgongo unapona kwa Mzungu na unaugua kwa damu yake.

Alisukuma maharagwe kando.

"Mama yako hakuwahi kupanda mgongo huu," alisema. "Alipopata nafasi, alikuwa ameshajua kutembea, alikataa. Sasa nimbebe huyu mwenye jina lake, nifurahi? Nitamwambia nini mama yako?"

Ningekuwa mtu mwema ningemjibu. Nilimfunga mtoto mgongoni mwangu mwenyewe, nikachukua kalamu na karatasi za mistari, nikaandika mezani nikiwa nimesimama, nikiyumba.

Barua ya kwanza ilikuwa na matusi. Ya pili ilikuwa ndefu, nilitaka nyimbo zirudishwe, nilitaka sura ya upweke iondolewe kitabuni, nilitaka yule mama aje Langas ambebe mtoto wangu mchana mmoja tu ajue. Nilimsomea Kukhu akasema hiyo siyo barua, hiyo ni vita. Ya tatu aliisikiliza mpaka mwisho. Neno kudanganya halikuwemo, na kusahau halikuwemo pia. Akaniambia niongeze kitu kimoja, nikaongeza. Nilipanda boda nikaipeleka mwenyewe Plateau, na sikuondoka mpaka meneja alipoigonga muhuri wa gesti na kunipa nakala. Ndiyo hii.

KWA MENEJA

KUH: MALALAMIKO JUU YA KIBAO CHA YAYA

Mimi ni mjukuu wa yaya anayetajwa kwenye kibao chenu kilicho kando ya shamba la ngano. Ninalalamika rasmi kwamba maneno "hakuwa na mtoto wake" si kweli.

Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, mama yangu mzazi. Nyanya yangu aliulizwa mbele ya wageni, akajibu kwa heshima ya wageni. Jibu hilo msilitumie kama ushahidi.

Ninaomba kibao cha mbao kitolewe, na cha chuma kisitengenezwe kwa maneno hayo. Vibao vingine siviongelei, wekeni mnapotaka. Hiki kimoja kiwekwe mahali panapostahili, yaani ilipokuwa stoo ya mahindi, nyuma ya miwati. Mawe ya msingi wake bado yapo kwenye nyasi, yaya mwenyewe aliyaona siku ile ya wageni. Nyanya yangu atakuja kuwaonyesha, na safari hii mimi nitakuwa ninauliza maswali. Kiandikwe kwamba hapo ndipo mtoto wa yaya alikaa kwenye gunia, mchana kutwa, wakati mama yake akiwa kazini ndani ya nyumba.

Ninaomba pia nakala ya barua hii apewe mwenye kitabu kabla hajasafiri. Sidai kitu kingine chochote kwenu wala kwake.

Nyanya yangu ameniagiza niongeze kwamba mtoto huyo alikuwa hodari na hakuwa analia. Ndiyo sababu hakuna mtu wa nyumba ile aliyemsikia.